Maji, Ubuyu na Dhahabu

Kwenye friza la duka mjini Geita, maji huganda nyuzijoto 0. Maziwa huchelewa kidogo, hadi karibu nusu nyuzi chini ya sifuri, kwani sukari na chumvi zilizomo huzuia molekuli za maji kujipanga.

Barafu za ubuyu, zenye sukari nyingi, huchelewa zaidi. Maji huganda kwanza, utamu ukisukumwa pembeni. Ndiyo maana mtoto akifyonza kwa nguvu hubaki na barafu nyeupe isiyo na ladha. Konyagi, ambayo ni pombe kali, haigandi frizani humo hata ikilala usiku kucha.

Zebaki, sumu ambayo wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu, huganda nyuzi 39 chini ya sifuri. Dhahabu yenyewe, ikimiminwa kutoka kwenye chungu cha kuyeyushia, huganda kwenye nyuzi 1,064, ingali ya kuunguza.