Jinsi ya Kutambua Mche wa Mpungate

Timboroa ni mahali pa baridi, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, wala mpungate si mmea wa asili wa huko. Ukiletwa, huletwa na mtu autakaye chunguni au katika uzio. Yafaa autambue kwanza, kwa sababu mche wake hufanana na miche yenye miiba ya jamii ya mnyaa, ambayo utomvu wake waweza kupofusha macho.

Kwanza, itazamwe miiba. Ya mpungate hutoka katika kidoa chenye vinyweleo. Ile ya jamii ya mnyaa mara nyingi hukaa miwili miwili. Pili, mche uchomwe kidogo kwa sindano, mbali na macho. Ukitoa utomvu mweupe kama maziwa, si mpungate.

Aina hasa ya mpungate ni vigumu kuithibitisha kabla haujakua na kutoa maua. Kwa hiyo usipandwe nje upesi. Huko Laikipia, aina iitwayo Opuntia stricta, iliyotoka bara la Amerika, imeenea malishoni, na miiba yake huumiza vinywa na matumbo ya mifugo. Hata kipande kimoja kikianguka chini huota mizizi. Basi kisitupwe porini.