Je, Wajua? Mwanamume Aongea, Mwanamke Aimba

Je, wajua kwamba kuna wimbo wa watu wawili, maarufu karibu dunia nzima, ambao mwimbaji wake ni mmoja tu? Ni "Parole parole", wa Italia, mwaka 1972. Mina anaimba. Alberto Lupo haimbi hata noti moja. Anaongea tu, kwa sauti nzito ya chini, akimmwagia sifa mwanamke aliyekwisha kuzisikia sifa hizo hadi zinamtokea puani. Jina la wimbo maana yake ni "Maneno, maneno", na mwanamke huyo halitaji kwa upole.

Je, wajua kwamba wimbo huu ulianza kama wa kufungia kipindi cha televisheni? Mwaka 1972 shirika la utangazaji la Italia, RAI, lilikuwa likirusha "Teatro 10", kipindi cha muziki na vichekesho kilichoongozwa na Antonello Falqui. Watangazaji wake walikuwa Mina na Lupo wenyewe. Saa ya kuagana ilipofika, wawili hao waliigiza kijitamthilia chao: huyu anabembeleza, yule anakata maneno. Watazamaji waliwaona kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, maana RAI ilianza matangazo ya kawaida ya rangi mwaka 1977.

Katika kipindi hichohicho, tarehe 23 Aprili 1972, Mina aliimba pamoja na mwimbaji mwenzake Lucio Battisti. Waitalia wanaitazama kanda ya tukio hilo mpaka leo.

Je, wajua nani aliyaandika maneno hayo? Wawili: Giancarlo Del Re, mwandishi wa vipindi vya televisheni, na Leo Chiosso wa Torino. Huyu Chiosso ndiye wa kumwangalia. Miaka ya 1950 alikuwa mtunzi mwenza wa Fred Buscaglione, mwimbaji mwenye sharubu aliyejifanya jambazi wa Kimarekani na kuimba kuhusu whisky, bastola na wanawake wanaomshinda nguvu. Mwanamume anayejiona jogoo kisha akaishia kuchekwa alikuwa mhusika wa Chiosso tangu zamani. Buscaglione alifariki katika ajali ya gari mjini Roma mwaka 1960, lakini mhusika yule hakufa naye. Alivishwa suti ya heshima na kupewa sauti ya Alberto Lupo.

Na kwa nini Lupo? Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Alberto Zoboli, na kazi yake ilikuwa uigizaji. Mwaka 1964 RAI ilitoa tamthilia ya "La cittadella", iliyotokana na riwaya ya A. J. Cronin, na Lupo akacheza daktari Andrew Manson. Tangu hapo akawa mwanamume wa ndoto za sebuleni. Kwa hiyo aliponong'ona karibu na kipaza sauti, nchi nzima ilikuwa ikimsikia daktari wake mpendwa, na kicheko kilitoka hapo hasa: sauti iliyoaminiwa kuliko zote inaambiwa inyamaze. Wengi wameijaribu nafasi hiyo baada yake. Kwa sikio langu hakuna aliyemfikia, kwa sababu Lupo anajua kuwa anachekesha na bado hacheki.

Je, wajua kwamba RAI hiyohiyo iliwahi kumfungia mlango Mina? Mwaka 1963 alikuwa mjamzito, na baba wa mtoto, mwigizaji Corrado Pani, alikuwa na ndoa ya kisheria na mwanamke mwingine. Italia ya wakati ule haikuwa na talaka; sheria ya kuiruhusu ilipitishwa Desemba 1970. Mina akaondolewa kwenye skrini. Umma haukukubali kumpoteza, akarudi. Miaka tisa baada ya kufungiwa, shirika lilelile likamweka mbele ya kamera kuu kila wiki, akimwambia mwanamume mtanashati kwamba maneno yake ni upepo. Mtoto aliyezaliwa, Massimiliano Pani, ndiye aliyekuja kuwa mtayarishaji wa muziki wa mama yake.

Wapenzi wa taarabu wataielewa nafasi ya Mina bila mkalimani. Ni mipasho, tofauti ni kwamba mpashwaji amesimama hapohapo na amepewa kipaza sauti chake.

Je, wajua kilichoufanya wimbo huu uwe rahisi kuhama lugha? Mtu anayetafsiri wimbo hupigana na silabi. Kila silabi lazima ikae kwenye noti yake, na neno refu kuliko la awali huharibu kila kitu. Hapa nusu ya wimbo ni maongezi. Sehemu ya mwanamume haifungwi na noti, inabanwa na muda peke yake. Mtafsiri anaweza kupunguza sifa au kuziongeza kadiri lugha yake inavyobembeleza. Kibwagizo nacho ni neno moja linalorudiwarudiwa. Tena haikuhitajika kutafuta waimbaji wawili wanaolingana sauti. Palihitajika mwimbaji mmoja hodari wa kike na mwanamume yeyote ambaye nchi husika inapenda kumsikia akiongea. Kila taifa linaye wake.

Ufaransa ilikuwa na Alain Delon.

Je, wajua kwamba Delon na Dalida walifahamiana kabla hawajapata umaarufu? Katikati ya miaka ya 1950 wote wawili walikuwa wageni wa jiji la Paris, wakitafuta riziki, na waliishi majirani katika mtaa wa Jean-Mermoz, karibu na Champs-Élysées. Dalida alikuwa ametoka Misri. Delon alikuwa amerudi kutoka jeshini Indochina. Mwanzoni mwa 1973, Dalida akiwa nyota wa muziki na Delon akiwa nyota wa filamu, wakatoa "Paroles, paroles", maneno ya Kifaransa yakiwa ya mtunzi Michaële. Toleo hili ndilo lililoufikisha wimbo mbali zaidi, kiasi kwamba wasikilizaji wengi wanaamini ulizaliwa Ufaransa. Hata leo Mfaransa aliyechoshwa na ahadi za mwanasiasa hutaja jina la wimbo huu, akaishia hapo. Maneno matupu hayavunji mfupa, na Dalida aliwapa namna ya kulisema hilo kwa pumzi moja.

Lakini Delon anajiamini mno. Lupo anaomba, Delon anatoa zawadi.

Je, wajua kwamba Dalida mwenyewe alikuwa Mwitalia wa Cairo? Alizaliwa Iolanda Gigliotti mwaka 1933, katika familia ya Kiitalia iliyohamia Misri. Baba yake alikuwa mpiga fidla katika jumba la opera la Cairo. Alitawazwa Miss Misri mwaka 1954, na mwishoni mwa mwaka huo akapanda ndege kwenda Paris. Kuimba kwa lugha nyingi kwake hakukuwa mbinu ya mauzo peke yake. "Salma ya salama", wa mwaka 1977, aliuimba kwa Kiarabu, na akautoa pia kwa Kifaransa, Kiitalia na Kijerumani. Mwaka 1986 aliigiza kwa Kiarabu katika filamu ya "Siku ya Sita" ya Youssef Chahine. Alijiua Mei 1987 nyumbani kwake Montmartre, na sasa uko uwanja mdogo mtaani humo wenye jina lake na sanamu yake.

Je, wajua kwamba Dalida aliurekodi "Parole parole" tena kwa Kijerumani na kubadilisha mwanamume? "Worte, nur Worte" una Friedrich Schütter, mwigizaji wa Hamburg. Wajerumani walikuwa wakiisikia sauti yake kila mara bila kumwona: ndiye aliyemsemea Lorne Greene, yule Cartwright, baba mwenye shamba katika tamthilia ya Kimarekani ya "Bonanza". Kubembelezwa na mzee Cartwright! Sijui nani aliwaza hivyo, ila apewe soda.

Japani mambo yalikuwa mengine kidogo. Delon alikuwa kipenzi cha Wajapani, na katika miaka ya 1970 alionekana kwenye matangazo yao ya televisheni ya suti za D'Urban, akiongea Kifaransa chake bila wasiwasi. Hivyo toleo la Kifaransa lilipokelewa Tokyo kwa mikono miwili. Hata hivyo 1973 hiyohiyo lilitoka la Kijapani pia, "Amai sasayaki", Akiko Nakamura akiimba na mwigizaji Toshiyuki Hosokawa akinong'ona. Kichwa hicho cha Kijapani kinahusu minong'ono mitamu, yaani kinasimama upande wa mwanamume. Wajapani peke yao ndio waliomhurumia.

Je, wajua wengine? Argentina: Silvana Di Lorenzo, kwa Kihispania. Brazil: Maysa na mwigizaji Raul Cortez, kwa Kireno. Uturuki: Ajda Pekkan, "Palavra palavra", maneno ya Fikret Şeneş, na mwigizaji Cüneyt Türel kwenye maongezi. Karibu kila mahali utakuta mwanamume ni mwigizaji, si mwimbaji.

Je, wajua kwamba kuna toleo lenye damu ya Kongo? Marie Daulne, kiongozi wa kundi la Zap Mama la Ubelgiji, alizaliwa Isiro, kaskazini mashariki mwa Kongo, mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba. Waasi walimuua baba yake, Mbelgiji. Mama na watoto walipata hifadhi kwa Wambuti msituni kabla ya kuhamishiwa Ubelgiji. Alipokua alirudi Kongo kusikiliza uimbaji wa msituni ule, sauti juu ya sauti bila ala, na akaufanya uti wa mgongo wa muziki wa Zap Mama. Katika albamu ya "ReCreation" ya mwaka 2009 akauimba "Paroles paroles", na mbembelezaji akiwa Vincent Cassel. Cassel wa filamu za majambazi na ngumi, hapa amepewa kazi ya kubembeleza na kukataliwa.

Je, wajua Mina yuko wapi? Alifanya onyesho lake la mwisho Agosti 1978, Bussoladomani, katika pwani ya Toscana, akaacha jukwaa. Hakuacha studio. Ameendelea kutoa albamu akiwa Lugano, Uswisi, mji alikoanzisha kampuni yake ya santuri, PDU, mwaka 1967. Hahojiwi, haonekani, na bado anauza.

Na mtunzi wa muziki wenyewe? Gianni Ferrio, ambaye kabla ya kupiga mdundo huu laini wa mapenzi alikuwa akitunga muziki wa filamu za kibabe za Kiitalia, zile za farasi, vumbi na bastola. Muziki wake wa "Un dollaro bucato", filamu ya 1965, ulichukuliwa na Quentin Tarantino kwa ajili ya "Inglourious Basterds". Filamu hiyo ilitoka 2009, mwaka uleule ambao Cassel alikuwa akikataliwa na Marie Daulne.