Sura ya Tano: Dania Dirishani

Miongoni mwa itikadi zinazolisumbua jiko la mtu wa pwani, kuanzia Ukunda hadi Msambweni na kushuka Shimoni, hakuna iliyoshika mizizi kama ile isemayo kwamba mimea ya viungo huwakubali wenye mkono mwema na kuwakataa wengine. Na dania ya koponi ikishanyauka dirishani, aghalabu utasikia kuwa imepigwa jicho na jirani, au imeguswa na mwanamke aliye katika hedhi, ilhali kopo lenyewe halikutobolewa chini na mizizi imeoza kwa maji. Jirani hana hatia, wala mwanamke hana.

Kusudi langu ni kueleza kwa taratibu, kwanza udongo, kisha maji, kisha nuru, kisha mbegu, na mwisho jungu. Mchanga wa Diani hupitisha maji upesi na hauna rutuba ya kutosha, basi na uchanganywe na mbolea ya mbuzi iliyokwisha kuoza pamoja na chicha za makumbi. Lakini makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yasitumiwe kabla ya kuoshwa mara kadhaa kwa maji matamu, kwani chumvi huunguza mizizi. Ama maji, tia kidole udongoni, ukikuta unyevu, acha.

Kuhusu nuru sina budi kusimama, kwa kuwa vitabu vingi tunavyovisoma vimeandikwa Ulaya, navyo huagiza mmea uwekwe kwenye dirisha la kusini. Agizo hilo lamfaa mtu wa London, ambaye jua la adhuhuri humtokea upande wa kusini mwaka mzima. Lakini Msambweni, iliyo kiasi cha digrii nne na nusu kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na mapema Oktoba, na kati ya Machi na Oktoba, yaani masika na kipupwe chote, huwa kaskazini, kisha likahamia kusini hadi Machi nyingine. Basi mtu aliyefuata kitabu mwezi wa Juni ameitia dania yake kivulini, na bado atailaumu mbegu. Dirisha la mashariki lapata jua la asubuhi mwaka mzima, ilhali la magharibi hupokea jua kali la alasiri, ambalo huiharakisha dania kuchanua, nayo ikishachanua majani yake huwa haba. Walakini mashariki yetu ndiko kwenye bahari, na kusi na kaskazi zote hutoka upande huo zikichukua chumvi. Kwa hiyo mwenye nyumba ya ufuoni ayasuuze majani kwa maji matamu, au akiweke chombo nyuma ya ubao wa dirisha upepo ukizidi.

Mbegu yenyewe si ya kutafutwa mbali. Punje ya dania ya dukani, maadamu haikukaangwa, ni tunda lenye mbegu mbili. Iseteni kidogo kwa chupa ipasuke, mwipande papo hapo itakapokulia, kwani mzizi wake mrefu hauvumilii kuhamishwa, na mpande kidogo kidogo kila baada ya majuma mawili. Nanaa haina taabu hiyo, kwa kuwa kijiti chake hutoa mizizi ndani ya bilauri ya maji.



Jungu, basi, limebakiwa na maneno machache. Katika mchuzi wa samaki, mabua ya dania hukatwakatwa yakakaangwa pamoja na kitunguu, tui jepesi hutangulia, tui zito hutiwa mwisho kwa moto mdogo lisije likakatika. Na majani ya dania, ambayo harufu yake hupotea kwa mvuke, hayatiwi ila sufuria imekwisha kuepuliwa. Ayatiaye mapema amepanda bure.