Fahamu: Kisa cha zamani au kipya kwenye mchezo wa mezani?

Dungeons & Dragons, mchezo ambao wachezaji huvaa nafsi za wahusika na kete huamua kama watafaulu, ulitoka Marekani mwaka 1974. Kisa chake cha 1978, Tomb of Horrors, kilichapishwa tena mwaka 2017, wachezaji wakongwe wakafurahi. Mwaka 2022 kikaja kitabu cha Journeys through the Radiant Citadel, chenye visa vipya 13. Kipi kinafaa kuchezwa, kisa cha zamani au kipya?

Tazama kisa cha Luanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Wajaluo. Katika ukanda wa Kisumu, wengi wanaujua mwisho wake: nguvu zilikuwa kivulini, mke kutoka kwa maadui akaifichua siri, kivuli kikachomwa mkuki, shujaa akageuka jiwe. Ukikichezesha hivyo hivyo, mchezo umekwisha kabla kete hazijarushwa, maana kila mchezaji anajua pa kupiga.

Basi mpe mchezaji nafasi ya yule mke. Mumewe anaumwa, anamwambia achanje kivuli badala ya mwili. Damu inatoka. Kwao wanasubiri habari. Atasema, au atanyamaza? Kwangu, upya wa kweli ni huo, na kisa kingine, cha Simbi Nyaima, kijiji kinachosimuliwa kuwa kilizama karibu na Kendu Bay, kinangoja mwandishi wake.