Masta ya Hisabati Haisomwi Jumamosi

Swali huja kwa simu, huja kwenye semina za walimu, na siku hizi huja hata matangani: "Dokta, ile masta ya hisabati ya wikiendi, iliyo fupi, iko chuo gani?" Anayeuliza karibu kila mara ni mwalimu mzuri. Anafundisha P425, yaani hisabati ya A-level ya Uganda, kidato cha tano na cha sita upande wa Tororo, au hisabati ya sekondari upande wa Busia ya Kenya, na wazazi wanamjua kwa jina. Ndiyo maana swali lake linanichosha zaidi. Mtu anayewaambia wanafunzi wake kila siku kwamba mekanika haiingii kichwani kwa kutazama ubao, ataaminije kwamba topolojia itamwingia yeye Jumamosi, kati ya saa tatu na saa kumi, huku matatu ya Malaba ikimpigia honi nje?

Masta ya hisabati kwa mtu aliye kazini ipo, inawezekana, na kuna walimu wa hapa mpakani walioimaliza. Ya wikiendi haipo. Kuna mihadhara ya wikiendi, na hilo ni jambo jingine kabisa. Chuo kinaweza kukupangia vipindi Jumamosi, au kuvibana katika likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Hakiwezi kukupangia zile saa za usiku za kukaa na uthibitisho mmoja mpaka ukubali kufunguka, na masomo yenyewe ndiyo hayo.

Chini ya swali hili imelala imani moja ambayo nimekutana nayo pande zote mbili za mpaka: kwamba hisabati ya uzamili ni ile ile ya A-level, imeongezwa ugumu tu. Kwa hiyo aliyeimudu ya kwanza atahitaji notisi, karatasi za mitihani iliyopita, na kujua mhadhiri anapenda kutunga nini. Naelewa imani hii inatoka wapi. Mwalimu aliyefundisha P425 kwa miaka kumi amekwisha kuona kila aina ya swali ambalo UNEB, baraza la mitihani la Uganda, inaweza kuleta. Kama ni msahihishaji, anajua hata alama zimejificha mstari gani. Amezoea kushinda kwa kutambua sura ya swali. Sasa anadhani mchezo ni ule ule, uwanja tu umepanuliwa.

Tuchukue kitu ambacho mwalimu huyu anaweza kukifundisha hata akiwa na malaria: njia ya Newton-Raphson, iliyomo katika karatasi ya pili. Unakisia mzizi wa mlinganyo, unachora tanjenti, unaangalia imekata mhimili wapi, unaanza tena kutoka hapo. Kwa fomula, x mpya ni x − f(x)/f′(x). Mpe mwanafunzi x³ − 2x + 2 = 0 na umwambie aanzie sifuri. Thamani ya f ni 2, mteremko ni −2, kwa hiyo x mpya ni 1. Kwenye 1, thamani ni 1 na mteremko ni 1, kwa hiyo x mpya ni 0. Kisha 1. Kisha 0. Ataendelea hivyo mpaka kengele ilie, na mzizi hatauona, ingawa upo. Akianzia −2 atapata −1.8, na hatua inayofuata atakuwa −1.77, palepale ulipo.

Mwalimu wa A-level atasema: basi chagua pengine pa kuanzia. Kwa mtihani, jibu hilo linatosha kabisa. Lakini jaribu kuanzia 0.05, uone kama kosa lilikuwa ile sifuri tu. Hatua ya kwanza inakupeleka 1.0036, ya pili inakurudisha karibu 0.021, na kila mzunguko unazidi kuvutwa kwenye 0 na 1. Mtego una mdomo mpana. Upana wake ni upi? Kwa nini unavuta badala ya kusukuma? Je, milinganyo yote ya kiwango cha tatu ina mitego ya namna hii, au huu tu? Na unapokaribia mzizi halisi, kwa nini tarakimu sahihi huongezeka karibu maradufu kila hatua? Maswali hayo ndiyo hisabati ya uzamili. Kuyajibu kunataka kikomo chenye fasili kamili, thiorema ya Taylor pamoja na salio lake, na uvumilivu wa kuandika ukurasa mzima usio na hesabu yoyote ya kukokotoa. Hakuna karatasi ya mtihani uliopita itakayokufundisha hilo, kwa sababu hakuna sura ya swali ya kutambua. Unaulizwa kwa nini, na hiyo "kwa nini" hujawahi kuiona.

Hapo ndipo wanapokwama hodari wa darasani, tena mapema kuliko wenzao wa kawaida. Wale wa kawaida wamezoea kutoelewa. Hodari anapokaa usiku wa tatu na lema moja ya mistari minne, anaona amedhalilishwa, anafunga kitabu, halafu anasema kozi imepangwa vibaya.

Sasa tupige hesabu ambayo kila mwalimu wa hesabu anaijua ila kwa nafsi yake anaikwepa. Kozi mbili kwa muhula, mihadhara ya saa tatu kila moja: saa sita. Kwa kila saa ya mhadhara weka saa mbili za kujifanyia mwenyewe, na hapo nimekuhurumia. Jumla saa kumi na nane kwa wiki. Toa hizo katika wiki ya mwalimu wa Tororo anayefundisha shule mbili ili karo za watoto wake zitimie, mwenye masomo ya ziada Jumamosi, prepu za jioni, shamba, na mazishi ya kijijini ambayo akikosa ataulizwa. Hazipo. Ndiyo maana nawaambia watu wachukue kozi moja kwa wakati, wakubali miaka minne, na waulize idara kabla ya kujiandikisha kama kanuni zinaruhusu. Huniangalia kana kwamba nimewatukana.

Wanaokataa miaka minne huishia kwa tabibu wa njia ya mkato, yaani fundi wa tasnifu. Yupo Busia zote mbili, yupo Tororo, zamani kwenye saibakafe, siku hizi ni namba ya simu tu. Wala fani hii si ngeni kwetu: Wakenya wanaoandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani kazi zao wamekwisha kutengenezewa filamu nzima, The Shadow Scholars, ya mwaka 2024. Fundi atakuletea kurasa themanini zenye jalada gumu, alama nzuri za kigiriki, na uthibitisho unaotiririka. Akili unde nayo inafanya hivyo hivyo kwa bei nafuu zaidi, na shimo katika uthibitisho wake huwa limepakwa rangi vizuri.

Katika fani nyingine fundi huyu huenda akakuvusha. Katika hisabati anakupeleka kwenye aibu, kwa sababu kutetea tasnifu ya hisabati hakuhitaji mtahini awe mkali. Kunahitaji chaki tu. Nilikaa kwenye jopo moja, chuo sikitaji, ambako mtahiniwa alileta kazi kuhusu normi za opereta katika nafasi za Hilbert, mada inayopendwa sana kanda hii ya magharibi mwa Kenya. Kurasa zilikuwa safi. Mwenzangu akaandika ubaoni matriki ya mbili kwa mbili: mstari wa juu 0 na 1, wa chini 0 na 0. Akamwomba atupe normi yake. Mtahiniwa alitazama, akakumbuka kwamba thamani maalumu zote mbili ni sifuri, akasema normi ni sifuri. Ni 1. Matriki inachukua vekta ya pili ya msingi na kuigeuza kuwa ya kwanza, urefu wake ukibaki ule ule. Kitu chenye normi sifuri kingeifuta. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejua kuzidisha matriki angeweza kuongozwa kuliona hilo kwa dakika mbili. Tasnifu nzima ilikuwa inazungumzia tofauti hiyo hiyo, kati ya thamani maalumu na normi. Jopo lilinyamaza, na sote tukajua nani hakuiandika.

Kuhusu mshahara nitakuwa mfupi, maana hapa watu hawataki kusikia. Uganda ilipandisha mishahara ya walimu wa sayansi Julai 2022, na mwenye digrii akafikia shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku wa sanaa wakiachwa nyuma na mgomo wao. Hisabati ilihesabiwa sayansi. Angalia vizuri: kilichotajwa ni digrii ya kwanza. Masta haiongezi milioni ya tano. Kenya, tangu TSC, tume ya kuajiri walimu, ilipoleta miongozo ya maendeleo ya kazi mwaka 2018, kupanda kunategemea nafasi iliyo wazi, tathmini na usaili. Ila ngazi ya kwanza ya mwenye digrii, ya C2 kwenda C3, inapandwa kwa miaka ya utumishi, si kwa kofia ya mahafali. Masta hukusaidia kwenye usaili na hukufungulia mlango wa kufundisha vyuoni. Kama shabaha yako ni ofisi ya mwalimu mkuu, soma uongozi wa elimu. Ni somo halali, na mihadhara yake ya Jumamosi hubeba mzigo wake vizuri. Usije kuteseka na integrali ya Lebesgue kwa ajili ya kiti.

Kwa aliyebaki baada ya hayo yote, mambo ni haya, na ayafanye kwa mpangilio huu. Kwanza, toa nakala ya matokeo ya digrii yako uhesabu kozi za hisabati tupu. Digrii ya sayansi na ualimu ya masomo mawili mara nyingi ina analisisi na aljebra dhahania za kuonja tu, na idara inaweza kukutaka ufidie kwanza. Afadhali ujue sasa kuliko baada ya kulipa. Pili, tafuta msimamizi kabla ya chuo. Nenda idarani, uliza nani anafanya kazi gani na ana wanafunzi wangapi ambao hawajamaliza.

Upande wa Uganda anza na Busitema, hasa kampasi ya Nagongera pale Tororo, iliyokuwa chuo cha ualimu kabla chuo kikuu hakijaanzishwa mwaka 2007. Makerere ina idara kubwa zaidi, ila hesabu nauli na malazi ya Kampala. Upande wa Kenya kuna Masinde Muliro, Kakamega, unapita Mumias; Maseno iko kwenye barabara ya Kisumu; Kibabii iko Bungoma. Alupe, iliyopata hadhi ya chuo kikuu kamili 2022, iko karibu mno na mpaka, lakini ukaribu usikuchagulie kozi. Anayetaka kubaki na ufundishaji atazame masta ya elimu ya hisabati, na asiionee haya. Open University ya Uingereza imekuwa ikifundisha hisabati ya uzamili kwa masafa, kwa pauni na kwa nidhamu yako mwenyewe; uliza kwanza kama bado inapokea wanafunzi wapya. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ni nzuri sana, lakini ni ya muda wote na ya kukaa bwenini. Bila likizo ya masomo iache.

Uthibitishe ithibati ya kozi, si ya chuo peke yake. Mei 2023 Uganda ilishtuka kuona kozi nyingi, za Makerere zikiwemo, muda wake wa ithibati kwa NCHE, baraza la elimu ya juu la Uganda, umepita. Mkenya anayesoma Uganda aulize CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu ya Kenya, mapema kuhusu kutambuliwa kwa shahada ya nje, kwa maandishi, wala asingoje siku TSC itakapoidai. Kuvuka kwenyewe si tatizo: kitambulisho cha taifa kinatosha kati ya Kenya na Uganda tangu 2014. Karo uliza kwa maandishi kama utahesabiwa mwenyeji wa Afrika Mashariki au mgeni, kwa sababu karani wa dirishani na tovuti ya chuo huwa hawasemi lugha moja.

Na yule mwalimu aliyeniuliza kama anaweza kujiandikisha vyuo viwili, kimoja kila upande wa mpaka, kisha aone kipi kitamaliza kwanza: hapana.