Reli ya Lobito: Mjenzi amekuwa mwendeshaji, Tenke itapata nini?

Kampuni ya ujenzi iliyoanzishwa Ureno mwaka 1946 leo ni miongoni mwa wenye reli ya Lobito, njia inayopeleka shaba ya Lualaba hadi Bahari ya Atlantiki. Kampuni hiyo ni Mota-Engil. Kwa wakaaji wa Tenke, ambako njia hiyo inakutana na reli nyingine za Congo, swali ni moja: kazi ya upande wetu wa mpaka itafanywa na nani, na itatuachia nini?

Tenke ni njia panda. Reli moja inakwenda magharibi, Kolwezi na Dilolo hadi Angola. Nyingine inapanda kaskazini, Bukama na Kamina. Ya tatu inashuka Likasi, Lubumbashi na Sakania, kwenye mpaka wa Zambia. Mwaka 1931 ndipo reli ya Benguela, iliyoanza kujengwa na Mskoti Robert Williams mwaka 1903, iliunganishwa na reli ya Katanga hapa. Vita vya Angola, vilivyoanza 1975 na kuisha 2002, viliifunga njia hiyo kwa miaka mingi.

Kutoka mbao hadi reli

Mota-Engil ilianzishwa na Manuel António da Mota katika mji mdogo wa Amarante, kaskazini mwa Ureno. Mwaka huohuo wa 1946 ilifungua tawi Angola, ambako ilianza na kazi ya mbao kabla ya kuingia katika ujenzi. Mwaka 2000 kampuni ya Mota iliungana na Engil, na jina la sasa likazaliwa.

Afrika ndiyo iliyoikuza. Nchini Malawi ilijenga sehemu ya reli ya makaa ya mawe inayokwenda bandari ya Nacala, Msumbiji. Mwaka 2017, ikiwa pamoja na Yapi Merkezi ya Uturuki, ilipata mkataba wa kipande cha kwanza cha reli mpya ya Tanzania, Dar es Salaam hadi Morogoro. Mapato yake yalipanda kutoka euro bilioni 2.6 hivi mwaka 2021 hadi zaidi ya bilioni 5.5 mwaka 2023.

Mjenzi wa kawaida hulipwa, hukabidhi kazi na kuondoka. Lobito ni jambo lingine. Mota-Engil na Trafigura, kampuni ya biashara ya madini na mafuta, kila moja ina asilimia 49.5 ya Lobito Atlantic Railway, na Vecturis ya Ubelgiji ina asilimia 1. Walitia sahihi mkataba wa miaka 30 na Angola mwaka 2022, wakakabidhiwa reli Julai 2023. Sasa faida yao inategemea tani zinazopita, na tani hizo zinatoka kwetu.

Wengi husema Lobito ni njia ya Wamarekani ya kushindana na Wachina. Ni kweli kwamba Rais Joe Biden alifika Lobito Desemba 2024, Rais Tshisekedi akiwepo. Lakini upande wa Angola ulijengwa upya na kampuni ya Kichina baada ya vita, na tangu 2021 kampuni ya serikali ya China, CCCC, ina karibu theluthi moja ya hisa za Mota-Engil yenyewe.

Siku nane

Mwishoni mwa 2023, shaba ya majaribio kutoka mgodi wa Kamoa-Kakula ilipakiwa Kolwezi na kufika Lobito kwa siku nane. Malori yanayopitia Kasumbalesa kwenda Durban hutumia wiki kadhaa, na vumbi na ajali zake vinajulikana kwa kila anayeishi kando ya barabara.

Tatizo liko upande wa Congo. Mkataba wa miaka 30 unahusu reli ya Angola. Kutoka Dilolo hadi Kolwezi na Tenke, reli ni ya SNCC, shirika la serikali, na imechakaa: mataruma yameoza, kokoto zimepungua, treni zinatembea polepole. Reli moja ikiwa nzima upande mmoja na mbovu upande wa pili, mwendo wake wote ni ule wa upande mbovu.

Atakayepewa kazi ya kuitengeneza atahitaji mafundi, kokoto, usafiri na chakula cha wafanyakazi. Sheria ya Februari 2017 inasema kazi ndogondogo ambazo makampuni makubwa hugawia wengine ni za makampuni yenye mtaji ambao sehemu kubwa ni ya Wacongomani. Mamlaka ya ARSP iliundwa kusimamia hilo. Lakini sheria haimsaidii kijana wa Tenke ambaye hana kampuni iliyoandikishwa wala cheti cha ufundi wa reli.

Ndiyo maana mambo matatu yanafaa kuulizwa kabla ya sahihi kutiwa. Vijana wangapi watafundishwa kazi ya reli, na wapi? Zabuni zitatangazwa hapa Lualaba, au zitaishia Kinshasa? Na je, msafiri na mkulima mwenye magunia ya mahindi watapata behewa, au treni zitabeba shaba peke yake?

Robert Williams alipata miaka 99 ya kuendesha reli ya Benguela. Muda huo uliisha 2001. Safari hii ni miaka 30, na saa imeanza kuhesabu.