Vitamini D na Maumivu ya Hedhi

Leo tunajibu swali moja: je, vitamini D huondoa maumivu ya hedhi?

Kwanza tujue chanzo chake. Wakati wa hedhi, mfuko wa uzazi hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizi huufanya mfuko ujikaze ili kutoa damu. Zikizidi, maumivu huzidi pia.

Mwaka wa 2012, utafiti uliofanywa Italia kwa wanawake 40 wenye kiwango cha chini cha vitamini D ulionyesha kwamba maumivu yalipungua walipopewa vitamini hiyo. Lakini walipimwa kwanza, na dawa ilitolewa na madaktari. Kwa hivyo usikimbilie duka la dawa kununua vidonge ovyo. Vikizidi, madini ya kalisi hujaa kwenye damu na kudhuru figo.

Mwili hutengeneza vitamini D ngozi inapopigwa na jua. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Anayeshinda ndani, au anayejifunika mwili wote, anaweza kupungukiwa hata hapa Kenya. Samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai pia husaidia.

Binti yako akiumwa, mkande tumbo kwa chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. Dawa ya ibuprofen humsaidia, akiinywa baada ya kula na kwa kipimo kilichoandikwa. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu amwulize daktari kwanza.

Sasa sikiliza kwa makini. Mpeleke kituo cha afya ukiona dalili hizi:
- Pedi inajaa kila saa, kwa saa kadhaa mfululizo.
- Hedhi inapita siku 7.
- Anasikia kizunguzungu, au viganja na midomo imepauka.
- Maumivu yanazidi kila mwezi, au yanamzuia kwenda shule.

Huenda ana upungufu wa damu, au uvimbe katika mfuko wa uzazi. Hayo hayatibiwi kwa jua wala kwa vidonge vya vitamini D.

Tafadhali mama, usimwambie, "Vumilia, ukizaa yataisha." Muulize anavyojisikia, uandike tarehe za hedhi yake, kisha mwende pamoja kwa daktari.